Majina Yaliyosomwa Redioni

Kinoo ilimjua Phoebe kwa mambo mawili: sukuma wiki aliyoikata nyembamba kama uzi, na jina lake redioni. Kabla simu hazijaingia kila mfuko, Phoebe alikuwa mtu wa salamu. Alinunua kadi, akaijaza majina, akaipeleka posta, halafu akangoja. Zamu yake ikifika, mtangazaji aliisoma polepole, jina baada ya jina, kama mtu anayepanga nyanya sokoni: Phoebe wa Mboga, akiwa Kinoo, anamsalimu Jamleck wa Kangemi, anamsalimu Peres wa Uthiru, anamsalimu Dedan popote alipo, ujumbe wake ni kwamba ukinywa chai mkumbuke aliyeteka maji. Na aliyesomwa jina lake alitembea siku hiyo kama amevaa shati jipya.

Aliyemwandikia kadi hizo ni kijana wake, Kibe, maana mkono wa Phoebe ulikuwa mzito kwa kalamu. Kibe alikaa juu ya debe lililopinduliwa, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, akiandika huku akimkosoa mamake.

"Maitu, umemsahau Annah. Atanuna."

Maitu ni mama kwa Kikuyu, na hivyo ndivyo alivyomwita hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu. Phoebe alisema Annah aongezwe, mistari ikiwa imekwisha au haijaisha, na Kibe akamwandika ukingoni kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Mtoto aliyelelewa hivyo, redio itamfuata kokote aendako. Kibe alipopata kazi Ayalandi, katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji mdogo kando ya mto mkubwa, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa redio. Alifanya kazi usiku. Asubuhi alirudi kwa baiskeli, akachemsha chai, akafungulia stesheni ya mji ule. Huko kulikuwa na kipindi cha watu kupiga simu na kubishana. Walibishana juu ya serikali kupunguza mishahara, juu ya mabasi kuchelewa, juu ya mchezo wao mmoja unaochezwa kwa magongo ambao Kibe hakuuelewa hadi mwisho, na hata juu ya kama ni adabu mtu kuingia nyumbani kwa watu na viatu vyenye matope.

Siku waliyobishana juu ya chai, Kibe alishindwa kuvumilia. Nusu ya mji ilikuwa ikisema maziwa yatangulie kikombeni, nusu ikisema yafuate. Kibe akapiga simu akawaambia kwamba kwao, Kinoo, maziwa, maji na majani hutiwa sufuria moja na kuchemshwa pamoja hadi chai ipande na kutaka kumwagika. Mtangazaji, jina lake Fintan, alicheka hadi akakohoa. Mama mmoja alipiga akasema hiyo si chai, ni supu. Mwingine akapiga baada ya muda akasema ameijaribu, na hatarudi nyuma tena.

Tangu siku hiyo Kibe akawa mtu wao. Fintan alimtangaza: Kibi wa Kinu. Phoebe alipoambiwa hivyo alitikisa kichwa, akasema basi na yeye atamwita Fintoni. "Yeye anaharibu jina la mwanangu, mimi naharibu lake. Hakuna anayemdai mwenzake."

Jambo la kumsikia mwana wake ilibidi litafutiwe njia. Kibe alieleza kwenye simu ya dadake, Nyakio, kwamba stesheni ile husikika pia kwenye kompyuta, popote duniani. Saiba za Kangemi, vile vyumba vya kulipia mtandao, zilikuwa nzito, sauti ilikatika kama kigugumizi. Lakini mwaka ule waya wa mtandao ulikuwa umefika Mombasa kwa njia ya bahari, na baadhi ya saiba za mjini zilianza kwenda mbio. Ndipo Nyakio, aliyekuwa msusi huko Kenyatta Market, akampeleka mamake ghorofa ya kwanza ya jengo moja nyuma ya Mtaa wa Biashara, kwa Mishi.

Mishi alikuwa mtu wa Mombasa, mjane, aliyebaki Nairobi akiendesha saiba pamoja na kaka yake Idarus. Siku ya kwanza alimtazama Phoebe akiishika panya ya kompyuta kama anashika kifaranga, akaja akaketi naye. Akampa kiti chake mwenyewe, kile chenye mto. Akafunga dirisha ili kelele za wachuuzi zisiingie. Kisha akachukua zile hedifoni ndogo za waya, akasema, "Sikio moja lako, mamangu, moja langu. Wewe msikilize mwanao, mimi nitakwambia yale ya wenyewe."

Wakawa hivyo, wamefungwa kwa uzi mmoja kama mbuzi wawili. Mishi alimnong'onezea: huyu asema serikali imewala hadi mifupa, huyu asema mwenziwe ni mwongo, huyu mama yuasikitika paka wake. Na Kibe alipoingia hakuhitajika mkalimani. Phoebe hakujua Kiingereza cha kubishana, lakini alijua sauti ile inapopanda kwa utani na inaposhuka kwa sababu mwenyewe amechoka. Mwishoni Kibe hakukosa kusema, kwa Kiswahili, mbele ya mji mzima wa wageni: "Maitu, nakusalimu. Nisalimie Nyakio na Jeremy." Jeremy alikuwa mtoto wa Nyakio. Fintan alirudia, "Na-ku-sa-li-mu," kwa ulimi uliojikwaa, na Phoebe na Mishi wakacheka hadi watu wa kompyuta nyingine wakageuka.

Kwa hiyo Phoebe alijua, kama alivyojua njia ya kisimani, kwamba redio ile nayo hupokea salamu.

Ikafika Novemba. Ayalandi ilicheza mpira na Ufaransa, na Mfaransa mmoja akaugusa mpira kwa mkono, bao likaingia, likakubaliwa. Hata Kangemi ilichafuka. Wanaume waliokuwa wakipakua viazi sokoni waliteta juu ya mkono ule kana kwamba Ayalandi iko Kiambu. Kesho yake Kibe alipiga simu, na Nyakio akampa mama aongee.

Kibe alisema mvua haijakatika, mto umefura, mahali pengine maji yamevuka barabara, ila baiskeli inapita. Kisha akasema kesho atampigia Fintan juu ya ule mkono, na ana jambo la kusema ambalo litawavunja mbavu.

"Jambo gani?"

"Utasikia redioni, Maitu, kama watu wengine."

"Mimi si watu wengine."

"Basi ndio usikose."

Ijumaa Phoebe hakukosa. Alikaa na Mishi tangu kipindi kilipoanza hadi muziki wa kufunga. Watu walipiga simu juu ya mkono wa Mfaransa, wakapiga juu ya mafuriko, ng'ombe waliozingirwa, nyumba zilizoingiwa na maji. Kibe hakupiga. Mara mbili Fintan alitaja jina lake. Mishi akasema auliza leo Kibi yuko wapi, angependa kusikia atasemaje.

"Amelala," Mishi akasema walipovua hedifoni. "Mtu akesha usiku kucha, mwili wamshinda."

Phoebe akakubali amelala. Jioni hiyohiyo Nyakio akiteremka Kangemi alinyang'anywa simu mkononi, na laini ndani yake. Hawakuwa na nambari ya Kibe popote pengine, ilikuwa humo. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Phoebe alienda kanisani, akaimba, akarudi. Hakusema ana wasiwasi. Alisema tu anataka kuisikia sauti yake, hata akiwa amekasirika, hata akiwa anateta juu ya mpira, neno moja tu, halafu atarudi kwa mboga zake.

Jumatatu akawahi mjini mapema kuliko siku zote. Mishi alikuwa bado anafuta vumbi kwenye vioo. Wakakaa, sikio moja la huyu, moja la yule, wakakuta taarifa ya habari inamalizika. Hawakuwahi kuwa hapo saa hiyo. Baada ya habari haukuja muziki wa Fintan. Ilikuja sauti ya mwanamke, ya taratibu, akisoma majina.

Phoebe akatabasamu. Usomaji huo aliujua. Ulikuwa na mwendo uleule wa zamani: jina, mtaa, halafu msururu wa majina mengine, kituo kidogo, halafu mtu mwingine na watu wake. Kumbe na wao wana kadi, akawaza. Na ndipo akalisikia.

Kibe Waweru.

Safari hii lilitamkwa vizuri, kama na mtu aliyeuliza kwanza linavyotamkwa. Kisha Kinoo. Kisha Nairobi, Kenya. Maneno mengine ya Kiingereza yakapita, halafu, wazi kama kengele, Phoebe. Nyakio. Jeremy. Na nyuma yao majina ya huko asiyoyajua, yakafuatana kama wageni mlangoni.

Phoebe akapiga goti lake kwa kiganja. "Wametusoma," akasema. "Mishi, umesikia? Wametusoma sote, hata Jeremy."

Aligeuka, waya ukamchomoka sikioni, hakujali. Mle ndani walikuwemo watu wachache tu, na Phoebe aliwaeleza wote. Kwamba kijana wake yuko Ayalandi. Kwamba siku nne hajasikika, kumbe alikuwa akiandaa kadi. Kwamba hilo ndilo jambo alilokuwa akimficha. Kwamba yeye huyu aliyekaa hapa, mkata mboga, ametajwa sasa hivi ng'ambo mbele ya mji mzima. Mwanamume mmoja aliyekuwa akichapa barua za kutafuta kazi alicheka akamwambia, mama, siku nyingine na mimi niwekwe, niko hapa nahangaika bure. Phoebe akamwuliza jina lake, akamwahidi.

Nyuma yake Mishi akasema, kwa sauti ya chini, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Phoebe hakuwa Mwislamu, lakini mtu hawezi kuishi Nairobi miaka hiyo yote asijue maneno hayo husemwa lini. Aligeuka. Mishi alikuwa amebana mkono kifuani, macho yamejaa. Simu yake ilikuwa mezani karibu naye, na Phoebe akaitazama ile simu, akaelewa anavyoelewa kila mtu: habari mbaya imefika.

Akaikunja furaha yake kama mtu anayeondoa haraka kitambaa cha sherehe akisikia kilio kwa jirani.

"Pole, mwanangu," akasema. Akauchukua mkono wa Mishi akauweka kati ya viganja vyake. "Pole sana. Na mimi nimekaa hapa napiga kelele za salamu, kumbe wewe umefikwa. Ni nani? Ni wa huko nyumbani, Mombasa?"

Mishi akatikisa kichwa.

"Ni Idarus? Mungu asikubali."

"Si kwetu, mama."

Phoebe hakuuachilia ule mkono. Alizidi kuupapasa, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. "Ni kwa nani basi?"

Mishi aliteremka kitini, akapiga magoti sakafuni mbele yake, buibui lake likamwagika juu ya nyaya. "Mamangu," akasema, "zile hazikuwa salamu."

Kwetu, redio ikitaka kutangaza kifo, hupiga kwanza wimbo wa huzuni. Wimbo ule ukianza, hata mwenye kufua husimama na povu mikononi akangoja kusikia ni wa nyumba gani. Kule Ayalandi, kwenye zile stesheni ndogo za miji, hawapigi wimbo. Kila asubuhi baada ya habari husoma tu, kwa heshima na bila haraka, jina la marehemu, alikotoka, wale aliowaacha, na kanisa atakaloombewa. Wenyewe wameuzoea usomaji huo tangu kuzaliwa. Lakini kwa sikio lililofundishwa na kadi za salamu, hakuna kilichoutenga na salamu.

"Mbona wamenitaja mimi?" Phoebe akauliza. "Mimi niko hapa."

"Wametaja walioachwa, mama."

Phoebe aliangalia kioo cha kompyuta. Muziki wa Fintan ulikuwa umeanza, ulisikika mdogo kama mbu kwenye hedifoni iliyoning'inia. Hakulia. Alisema aliyesoma amelisema jina vizuri. Akasema hivyo mara ya pili.

Yule mwanamume wa barua za kazi alikuwa amekwisha kusimama. Aliteremka ngazi, akarudi na kikombe cha chai kutoka hoteli ya chini, akakiweka karibu na mkono wa Phoebe, kisha akaenda kusimama mlangoni, akiwaambia kwa upole waliokuwa wakipanda kwamba leo kumefungwa. Hakuna aliyemtuma.

Mishi alimpigia Jackie, mwenye saluni aliyemwajiri Nyakio. Nyakio alifika mikono imejaa mafuta ya nywele, kitana kingali kimechomekwa kwenye aproni. Kwanza alikasirika. Akasema kina Kibe ni wengi, akasema hao Wazungu wamechanganya, akamwuliza Mishi kwa ukali kama ana hakika na Kiingereza chake. Mishi hakujibu ukali kwa ukali. Aliitafuta nambari ya stesheni, akapiga kwa simu yake mwenyewe, akaongea nao muda mrefu akiwapa kisogo, na Nyakio akaangalia mabega yake na kuacha kuuliza.

Ilikuwa hivi. Ijumaa asubuhi Kibe alitoka kazini. Maji yalikuwa yamevuka barabara usiku, na penye bonde chini yake palikuwa pamemeguka. Baiskeli ikamwangusha. Tangu saa ile nyumba ya wazee, polisi na padri wa mji walikuwa wakipiga nambari ya Nyakio, kwanza ikaita na Nyakio alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, halafu ikazimwa na mwizi. Hawakujua pengine pa kupiga. Majina yote, hata la Jeremy, yalitajwa na bibi kizee mmoja wa pale aliyeitwa Breda. Kibe alimchana nywele kila usiku kabla hajalala, jinsi alivyomwona dadake akichana wateja, na akichana alimsimulia watu wake. Breda alikuwa amesahau majina ya wajukuu zake mwenyewe. Hayo ya Kinoo aliyajua yote.

Nyakio aliposikia habari ya kuchana nywele ndipo alipokaa chini sakafuni.

Usiku ule nyumba ya Phoebe ilijaa. Annah alikuja na blanketi, Jamleck akaja kutoka Kangemi akaketi nje kwenye jiwe hadi kukapambazuka, na Phoebe alimwona na kuliweka jambo hilo moyoni. Kila mtu alimwambia ajinyooshe. Hakuweza. Kulikuwa na swali moja lililomkalia kooni. Kufa, watu wote watakufa. Lakini je, mwanawe alikuwa peke yake? Alilala pale kwenye maji ya watu, akaita, na hakuna aliyemjibu? Hakumwuliza Nyakio, kwa kuwa Nyakio angejibu lolote ili mamake apumzike.

Kulipokucha Mishi akaleta habari. Fintan ameomba. Kipindi cha leo hakitakuwa na mabishano, kitakuwa cha Kibe, na mama akitaka kusikiliza au hata kusema neno, watapiga wao.

"Maitu, usiende," Nyakio akasema. "Unataka watu wasiokujua wakusikie ukilia?"

"Nina kitu kimoja cha kuuliza," Phoebe akasema, akachukua leso yake.

Walikaa watatu, Phoebe katikati, kwenye kile kiti chenye mto. Safari hii hawakuvaa kitu masikioni. Simu ya Mishi iliwekwa mezani, sauti imefunguliwa, na Idarus akazima kompyuta zote ili hata feni zisivume. Fintan alisema maneno machache, sauti yake haikuwa na mzaha. Halafu watu wakaanza. Yule mama wa supu alipiga, akasema amekuwa akiichemsha chai hivyo miezi yote hii na hakuwahi kumwambia, aliona aibu kushindwa. Dereva wa basi alisema Kibe aliwaacha abiria wote wapande ndipo naye akaweka baiskeli yake. Binti wa Breda alisema mamake jana amekataa kuchanwa. Mishi alitafsiri kila neno, na pale alipokwama, akaanza tena.

Kisha Fintan akasema, "Mama Kibi." Akajisahihisha, akajitahidi. "Mama Kibe."

Phoebe akainama karibu na simu. Aliwashukuru kwa kumlisha mwanawe na kumcheka vizuri.

"Ninauliza," akasema, "kama kuna anayejua. Alipoanguka, kulikuwa na mtu?"

Mishi akayavusha maneno hayo. Upande wa pili mtu akanong'ona na mtu. Ikaja sauti ya mwanamume mzee, ya kukwaruza, isiyopenda kusikika. Aliitwa Malachy. Ana ng'ombe kando ya barabara ile. Alisema hakukusudia kuongea redioni, na mkewe ndiye aliyepiga na kumpa simu.

Mishi alitafsiri huku amelishika bega la Phoebe. Malachy alitoka kutazama ng'ombe, akaona kwanza gurudumu la baiskeli. Kibe alikuwa nusu majini. Akamvuta akamtoa. Alikuwa bado anapumua, macho yamefunguka. Mkewe akakimbia kuita gari la wagonjwa, lakini barabara ilikuwa maji matupu na gari likazunguka mbali. Malachy akakaa naye kwenye nyasi, akavua koti lake akamfunika, akaukamata mkono wake. Hakujua aseme nini. Alimjua ni nani, kila mtu alimjua, alikuwa amemsikia mara nyingi kwenye kipindi hiki. Basi akamwambia habari ya mpira. Akamwambia lile halikuwa bao, na dunia nzima imeona.

"Asema mwanao alimfinya vidole," Mishi akasema. "Asema kila alipomwambia lile halikuwa bao, alimfinya vidole. Hadi alipoacha."

Nyakio alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Idarus aligeukia ukuta.

Midomo ya Phoebe ilitembea kidogo bila sauti, kama mtu anayejifunza njia aliyoelekezwa, hapa kata kushoto, hapa vuka. Halafu akamgusa Mishi.

"Mwulize hilo koti. Lilikuwa zito?"

Mishi akauliza. Malachy akajibu kwamba ni la sufu, lilikuwa la babake, ni zito sana. Akasema hakulichukua tena. Aliwaambia wampeleke nalo, na hata wakimrudisha nyumbani aje nalo.

"Na yeye sasa anavaa nini?"

Mishi alimtazama.

"Mwulize, Mishi. Si umesema mvua bado inanyesha huko?"

Mishi akauliza. Walimsikia mzee akipumua, walimsikia mkewe nyuma akimwambia jambo. Kisha akasema kwamba ana sweta.

"Mwambie avae mbili," Phoebe akasema. "Mwambie akienda kwa ng'ombe avae mbili, na kichwa akifunge, mtu mzima baridi humwingilia kichwani, mwambie Mama Kibe ndiye amesema…" na hapo sauti yake ikakatika, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na Nyakio akanyoosha mkono akaifunga simu ili mji ule usimsikie.